Kuwasha Seva Nyingi Zikafanya Kazi Kama Moja

Mtu anunuapo mkate na maziwa katika duka la hapa Nyakabanda, siku hizi mara nyingi hatoi noti wala sarafu. Hubonyeza simu yake, na kabla mwenye duka hajamaliza kufunga mkate, ujumbe umekwisha kufika kwamba fedha zimehama. Jambo hili limekuwa la kawaida hata watoto hawalistaajabii. Lakini yafaa kila mwanafunzi ajiulize: fedha zile zimeandikwa wapi? Na ikiwa mahali lilipo daftari lile umeme umekatika, au mashine imeungua, salio la mtu litakwenda wapi?

Jibu ni kwamba daftari la namna hiyo halifai kuachwa katika mashine moja. Kompyuta ifanyayo kazi ya kuwahudumia wengine huitwa seva. Seva kadhaa zikiunganishwa kwa mtandao, zikashika kazi moja kwa pamoja, huitwa kundi la seva, au klasta. Na kila seva katika kundi huitwa nodi. Kila nodi ina nakala yake ya daftari. Moja ikifa, zilizobaki huendelea, na mteja dukani hana habari. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi nodi hizo ziwashwavyo, maana wengi hudhani kwamba ni kazi ya kubonyeza vitufe tu. Kuwasha mashine tatu ni rahisi. Kuzifanya zikubaliane ni kazi nyingine, na hapo ndipo mali ya watu huokoka au hupotea.

Fikra ya kuunganisha kompyuta za kawaida ili zifanye kazi ya kompyuta kubwa si ngeni. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha Goddard cha shirika la NASA huko Marekani, waliunganisha kompyuta 16 za bei nafuu, wakaliita kundi lile Beowulf. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu kubwa kwa kugawana. Makundi tunayoyaeleza leo yana kazi nyingine, nayo ni kutunza daftari moja pasipo kukosea. Katika nchi zetu haja hiyo ilizidi kuonekana fedha zilipoanza kwenda kwa simu: M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na hapa Rwanda MTN ikaanzisha huduma yake ya fedha mwaka 2010.

Sasa tutumie mfano wa hapa kwetu. Umurenge wa Nyakabanda, katika wilaya ya Nyarugenge, una utugari, yaani seli, nne: Munanira ya kwanza na ya pili, na Nyakabanda ya kwanza na ya pili. Tuseme watu wa seli hizo wameanzisha ikimina kimoja cha kuweka akiba. Kwa kuogopa moto na wizi, wanaamua kwamba kila seli itakuwa na mwandishi wake na kitabu chake, na vitabu vyote vinne vitakuwa na maneno yale yale. Mtu akiweka fedha au akitoa, mwandishi mmoja huwaarifu wenzake, nao huandika.

Mpango huu wapendeza siku za jua. Lakini tuseme mvua kubwa ya mwezi wa Aprili imekata njia, na simu hazishiki. Waandishi wawili wako upande huu, wawili upande ule. Hawa wadhani wenzao wamekufa maji. Wale nao wadhani vivyo hivyo. Kila upande wachagua mkubwa wao na kuendelea na kazi. Bwana mmoja aja upande huu na kutoa faranga 50,000 zote alizo nazo. Jioni mkewe, asiyejua habari hiyo, aenda upande ule na kutoa faranga 50,000 zile zile. Hapana mwizi hapo, wala hapana mwongo. Kila mwandishi aliandika kweli tupu kama aionavyo. Hata hivyo, njia ikifunguka, chama kimepoteza faranga 50,000, na vitabu viwili vyasema hivi na viwili vyasema vile. Wahenga walisema kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama.

Jambo hilo hilo hutokea kwa seva. Waya mmoja ukikatika, kundi laweza kugawanyika pande mbili, na kila upande ukajiona kuwa ndio kundi zima. Dawa yake ni ya kale kuliko kompyuta, nayo ni akidi. Mkutano wa chama hauwezi kuamua neno ikiwa waliohudhuria hawafiki idadi iliyowekwa. Kwa seva, idadi hiyo ni zaidi ya nusu ya nodi zote zilizoandikishwa. Wala si nusu ya zile zilizo hai wakati huo. Ni zaidi ya nusu ya wote, wazima na wafu pamoja.

Tazameni hesabu yake. Kundi la nodi tatu lataka mbili, basi laweza kupoteza moja. Kundi la nne lataka tatu, nalo pia laweza kupoteza moja tu. Kundi la tano lataka tatu, kwa hiyo laweza kupoteza mbili. Kundi la saba lataka nne, laweza kupoteza tatu. Mwaona kwamba nodi ya nne imeongeza gharama pasipo kuongeza salama. Na kundi la nne likigawanyika mbili kwa mbili, hapana upande uwezao kufanya kazi. Ndiyo sababu mafundi hupenda idadi isiyogawanyika kwa mbili. Ikimina chetu cha seli nne kingefanya vema kuongeza mwandishi wa tano, au kupunguza mmoja.

Kwa nini zaidi ya nusu yatosha kuzuia ule msiba wa faranga 50,000? Chukueni vidole vitano vya mkono mmoja. Chagueni vitatu vyovyote, kisha chagueni tena vitatu vyovyote. Hamwezi kufanya hivyo bila kurudia angalau kidole kimoja. Basi, kila neno lililoandikwa na nodi tatu katika tano, wakija watatu wengine kuamua jambo jingine, angalau mmoja wao alikuwapo mara ya kwanza na alijua. Huyo mmoja ndiye shahidi. Kwa ajili ya shahidi huyo pande mbili haziwezi kukubali mambo mawili yanayopingana.

Wataalamu waliyaandika mambo haya kwa taratibu kamili. Leslie Lamport wa Marekani alitoa makala yake juu ya utaratibu uitwao Paxos mwaka 1998. Ulikuwa utaratibu imara, lakini wengi waliuona mgumu kuufahamu. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu mwingine, Raft, nao walisema wazi kwamba nia yao ni ueleweke. Programu nyingi za leo hufuata Raft. Mojawapo ni etcd, ambayo hutunza kumbukumbu za Kubernetes, ile programu ya kuongoza makundi makubwa ya seva iliyotolewa na Google mwaka 2014. Jina Kubernetes ni la Kiyunani, na maana yake ni mshika usukani, yaani nahodha. Kwa hiyo tutachukua etcd iwe mfano wa kazi yetu.

Kabla ya kuwasha chochote, fundi hutayarisha mambo matano. La kwanza, kila nodi hupewa jina lake na anwani yake katika mtandao. Wapo wanaotayarisha mashine moja, kisha wanakili diski yake nzima kwa mashine nyingine ili kuokoa muda. Wasipobadili jina na kufuta kumbukumbu zilizonakiliwa, watapata nodi mbili zinazojiita mtu mmoja, na hesabu ya kura itaharibika. La pili, kila nodi hupewa mahali pake pa kuweka daftari, pasipoingiliwa na nodi nyingine. La tatu, nodi zote hupewa orodha moja ya wanakundi, yenye majina na anwani, isiyotofautiana hata herufi. La nne, milango ya mawasiliano hufunguliwa: etcd kwa kawaida hutumia mlango namba 2379 kwa wateja, na 2380 kwa mazungumzo ya nodi zenyewe. Ukifunguliwa wa kwanza na kusahauliwa wa pili, kila mashine itawaka vizuri lakini itakaa peke yake kama mgeni asiyejua lugha. La tano, saa za mashine zote hulinganishwa. Katika Raft uhalali wa kura hautegemei saa ya ukutani, lakini siku ya matatizo fundi atasoma kumbukumbu za mashine tatu akitafuta lililotangulia, na saa zikihitilafiana hatalijua.

Sasa nodi ya kwanza yawashwa. Hapo ndipo mgeni wa kazi hii hushtuka, maana mashine yawaka, taa zake zang'aa, lakini ukiiomba kuandika neno hukataa. Huandika katika kumbukumbu zake kwamba yawatafuta wenzake na haiwaoni. Mgeni hudhani imeharibika. Huizima na kuiwasha, huizima tena, mwisho hutafuta amri ya kuilazimisha ifanye kazi peke yake. Basi yafaa tukumbuke neno hili kuliko mengine yote: seva inayokataa kazi kwa sababu haijapata wenzake wa kutosha ni nzima. Haiwezi kujua kama wenzake hawajawashwa bado, au wako hai upande wa pili wa waya uliokatika wakiendelea na kazi. Kwa kuwa haiwezi kujua, kunyamaza ndiyo kweli yake.

Yawashwa nodi ya pili. Sasa ziko mbili katika tatu, na akidi imetimia. Uchaguzi waanza. Kila nodi hungoja muda mfupi uliopigwa kwa bahati nasibu. Waandishi wa Raft walitaja kati ya sehemu 150 na 300 za sekunde iliyogawanywa elfu. Nodi ambayo muda wake umekwisha kwanza hujitangaza kuwa yataka uongozi, hutaja namba ya muhula mpya, hujipigia kura, na kuomba kura za wenzake. Bahati nasibu imewekwa ili wasisimame wote kwa mara moja na kugawana kura. Kila nodi ina kura moja tu katika muhula mmoja, na haimpi kura yake mgombea ambaye daftari lake liko nyuma kuliko lake yeye. Tena huiandika kura hiyo katika diski kabla ya kuitoa, ili umeme ukikatika na kurudi isisahau ikapiga kura mara mbili.

Apatikanapo kiongozi, yeye peke yake ndiye apokeaye maombi ya kuandika. Huyapeleka kwa wafuasi, na neno huhesabiwa limekubaliwa pale tu zaidi ya nusu ya nodi zilipokwisha kuliandika. Wakati wote huo kiongozi huwatumia wafuasi ujumbe mdogo wa kusema kwamba yu hai. Wafuasi wasipousikia kwa muda uliowekwa, huanza uchaguzi mwingine. Nodi ya tatu ikiwashwa mwisho, haifanyi fujo. Humwona kiongozi, hupokea kurasa ilizokosa, na kukaa mahali pake.

Hapa twaona kwa nini umbali ni jambo la kuangaliwa. Mwanga hupita katika nyuzi za mtandao kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Toka Nairobi hata Ujerumani ni zaidi ya kilometa 6,000, basi ujumbe kwenda na jibu kurudi haupungui sehemu 60 za elfu ya sekunde, hata kama njia ingenyooka kama rula. Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani hapo mwanzo, zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Na fundi anayetaka kuweka nodi moja Kigali na wenzake Ulaya hana budi kurefusha muda wa kungoja, ama sivyo wafuasi watadhani kila mara kwamba kiongozi amekufa, na kundi litashinda likifanya uchaguzi badala ya kazi.

Mtu aweza kuuliza kama hatari hii ni ya kweli au ni ya vitabuni. Tarehe 21 Oktoba 2018 mafundi wa GitHub, kampuni ya Marekani itunzayo kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, walikuwa wakibadilisha kifaa kibovu cha mtandao. Mawasiliano upande wa mashariki ya Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Katika sekunde hizo mitambo ya kusimamia madaftari ilipiga kura na kuweka viongozi upande wa magharibi. Kura zilitimia kwa haki. Lakini madaftari yenyewe hayakuwa yakingoja akidi kabla ya kukubali neno, na mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache yasiyokuwa yamefika magharibi. Waya uliporudi, kila upande ulikuwa na maneno ambayo mwenzake hana. Sekunde 43 zikageuka kuwa saa 24 na dakika 11 za huduma mbovu, wakati mafundi wakipatanisha vitabu. Akidi ya kumchagua kiongozi haitoshi. Hata kuandika nako kwataka akidi.

Yabaki mambo mawili ambayo huwapata watu baada ya kundi kuanza. La kwanza ni tofauti ya kuanza na kurudi. Katika mipangilio ya etcd liko neno lisemalo kama kundi ni jipya, au lipo tayari. Kundi huzaliwa mara moja tu. Fundi akiwa na haraka, akafuta daftari la mashine na kuiwasha kwa neno la kundi jipya, hakuirudisha katika kundi la zamani. Amezaa kundi la pili lenye jina lile lile, na waliokuwa na akiba katika la kwanza hawamo.

La pili ni kubadilisha nodi iliyokufa. Kundi la tatu likifiwa na moja, wengi huongeza mpya kwanza, kisha ndipo wamwondoe marehemu. Hapo orodha huwa ya nne, akidi huwa tatu, na wazima ni wawili tu mpaka yule mpya afanikiwe kuingia. Akishindwa kwa sababu ya kosa dogo la anwani, kundi zima limesimama. Njia ya salama ni kumfuta marehemu kwanza, na kisha kumwandikisha mpya.

Umeme ukikatika katika chumba kizima na kurudi, si vema mashine zote ziwashwe kwa dakika ile ile. Kwanza huwashwa vifaa vya mtandao, kwa kuwa nodi bila njia ni bubu. Kisha nodi moja moja, na kila mara fundi husoma kumbukumbu kabla ya kwenda kwa nyingine. Akidi ikitimia, kundi litamchagua kiongozi lenyewe, na yeye hana haja ya kumteua.

Haya yote mwanafunzi aweza kuyajaribu pasipo gharama kubwa. Kompyuta tatu za zamani, swichi moja ndogo na nyaya tatu zatosha. Wandikeni ndani yake jambo dogo, mathalan orodha ya vitabu vya maktaba. Kisha chomoeni waya wa kiongozi, na mtazame wenzake wakichagua mwingine. Chomoeni wa pili, na mtazame yule aliyebaki akikataa kuandika. Rudisheni nyaya, na mlinganishe orodha zote tatu neno kwa neno. Na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, mlio katika mabenki na maofisi, huenda mkawa na mashine zilizowekwa kando zinazokusanya vumbi; hapa zingepata kazi. Zaidi ya hayo, ikiwa ofisi yenu hutunza daftari la watu katika seva kadhaa, ulizeni siku moja ziko ngapi, akidi yake ni ngapi, na ni nani aruhusiwaye kuilazimisha moja ianze peke yake. Jibu la swali la tatu liandikwe kabla umeme haujakatika, maana usiku wa manane, simu zikilia na wateja wakilalamika, kila mtu huona amri hiyo kuwa ni njia ya mkato.